Paka wako wa ndani asiboeke ukiwa kazini, fanya hivi hatua kwa hatua

Watu wengi wakihisi paka wao anaboeka wanakimbilia kununua midoli, wanaimwaga yote sebuleni halafu haoo wanaondoka, jioni wanakuta midoli iko vilevile na kochi ndo limeparuliwa. Sikia, paka analala kama masaa 12 mpaka 16 kwa siku, kwahiyo huna haja ya kumtafutia shughuli ya kutwa nzima. Mchoshe kabla hujatoka, na chakula chake akitafute kwa jasho. Mengine ni nyongeza tu.

Hatua ya 1: Usiku, ondoa vya hatari

Nyuzi, riboni, vibanio vya mpira vya nywele, sindano yenye uzi, vyote droo. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea nyuma, akishaanza kumeza uzi kuutema ni kazi, unashuka mpaka kwenye utumbo unaukunjakunja na unaweza hata kuukata, hapo ni upasuaji. Kwahiyo hata ile fimbo yenye kamba na manyoya ifungie kabatini, ni ya kuchezea ukiwepo. Maua ya lili yatoe nyumbani kabisa, chavua tu ikimdondokea akajilamba inaweza kumuua figo. Na neti ya dirisha isukume kwa mkono uone kama imeshika kweli.

Hatua ya 2: Tengeneza chupa ya kuwindia

Chukua chupa ndogo ya plastiki, ioshe, tupa kifuniko pamoja na kile kipete kinachobaki shingoni maana anaweza kukimeza. Toboa matundu mawili matatu ubavuni, makubwa kidogo kuliko punje ya chakula kikavu, alafu pitisha kidole pembeni ya kila tundu, kama linakwaruza kidole chako litakwaruza na mguu wake, lilainishe. Tia chakula, iviringishe sakafuni mwenyewe kwanza uone punje zinatoka.

Siku za mwanzo matundu yawe makubwa ili apate haraka, akishajua mchezo unampa chupa yenye matundu madogo. Mwingine ataitazama tu kisha akugeuzie mgongo, huyo anza naye na trei ya mayai, unatupia punje mle vishimoni azichokoe kwa mguu. Ila usimkomoe kwa njaa eti mpaka aelewe, paka akikaa siku mbili tatu bila kula ini linaweza kuharibika, hasa akiwa mnene.

Chakula hicho kitoke kwenye kipimo chake cha siku, sio juu ya kipimo, na kile cha majimaji usikiache kutwa. Kiasi kingine kifiche hapa na pale, juu ya rafu, chini ya kiti, nyuma ya mlango, na kesho ubadilishe sehemu.

Hatua ya 3: Asubuhi winda naye

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, na ndo yenye kazi kubwa kuliko zote. Dakika 10 mpaka 15 zinatosha. Usimsukumie mdoli usoni, hakuna panya anayejipeleka mdomoni mwa paka. Uburute kumkimbia, uupitishe nyuma ya mguu wa meza, usimamishe kidogo, utikise ncha tu ionekane. Utaona mboni zinatanuka macho yanakuwa meusi, anajibana chini, makalio yanacheza, kisha huyo karuka. Mwache akamate, aukumbatie aupige mateke ya nyuma, halafu unaanza tena. Mwishoni punguza kasi, akamate mara ya mwisho, na papo hapo mpe chakula. Paka akishawinda akala, anajilamba analala, na wewe unafunga mlango.

Ukitumia leza malizia kwa kitu anachoweza kukishika, la sivyo anabaki anatafuta kile kinukta ukutani bila kuridhika.

Hatua ya 4: Mpe dirisha na pa kupanda

Rafu imara karibu na dirisha, aone ndege na watu wanaopita, inamfaa kuliko tivii. Sakafuni weka boksi tupu. Nguzo ya kuparua iwe ndefu ajinyooshe mwili wote na isiyumbe, ikiyumba mara moja tu anarudi kwenye kochi.

Hatua ya 5: Midoli kwa zamu

Mitatu au minne inatosha, mingine ifunge kwenye kopo pamoja na ketinipu (majani makavu ambayo harufu yake huwapagawisha paka), baada ya siku chache badilisha, ataiona mipya. Ila ketinipu haimshiki kila paka, ni mambo ya kurithi, na vitoto haiwahusu kabisa.

Hatua ya 6: Ukirudi

Cheza naye tena kabla ya mlo wa usiku. Paka huchangamka alfajiri na jioni, ukiiacha jioni ipite hivihivi atakuamsha saa 9 usiku. Kuhusu kumletea mwenzake, usifanye hivyo ili tu upumzike wewe, wengine hawataki mwenza na utakuwa umeongeza ugomvi na choo kingine cha kusafisha.

Akijilamba mpaka tumbo linabaki bila manyoya, au akaanza kukojoa nje ya choo chake, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza kabla hujasema kaboeka. Na dume anayechuchumaa chooni mara kwa mara mkojo hautoki, huyo hangojwi kesho, mbebe muda huohuo.