Jinsi ya Kuomba Ithibati ya Programu Mpya ya Shahada ya Kwanza katika Chuo Kikuu cha Umma

Idara ya chuo kikuu cha umma nchini Tanzania inayotaka kuanzisha programu mpya ya shahada ya kwanza hulazimika kupata ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba programu imefikia viwango, ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kabla ya kudahili mwanafunzi yeyote. Tume hiyo ilianzishwa mwaka 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, na kwa sheria hiyo vyuo vya umma vinapimwa kwa vigezo vilevile vinavyotumika kwa vyuo binafsi.

Anzeni na tathmini ya mahitaji, kabla mtu yeyote hajaandika jina la kozi hata moja. Wahojini waajiri, wahitimu wa fani zinazokaribiana na hiyo, pamoja na vyama vya kitaaluma, kisha andaeni ripoti inayoonyesha ni ujuzi gani unaokosekana. Tathmini inayofanywa baada ya mtaala kukamilika, ili tu kuhalalisha kilichokwisha kuamuliwa, humnyima mwanafunzi haki yake, kwa kuwa yeye ndiye atakayetafuta kazi kwa shahada hiyo.

Hatua ya pili ni kuandika mtaala, nayo ndiyo inayohitaji subira kubwa. Kwa mujibu wa mfumo wa sifa za vyuo vikuu, krediti 1 ni sawa na saa 10 za ujifunzaji, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, ambazo ni lazima zigawanywe kwa uwazi kati ya mihadhara, semina, vitendo, kujisomea na upimaji. Kila tokeo tarajiwa la ujifunzaji, yaani kile ambacho mwanafunzi anatarajiwa kujua au kuweza kufanya, lionyeshe litafundishwa katika kozi gani na litapimwa kwa njia gani. Tokeo lisilo na kipimo liondolewe au liandikwe upya.

Ikiwa fani inasimamiwa na bodi ya kitaaluma, kama uhandisi ulivyo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ishirikisheni bodi hiyo wakati rasimu bado inabadilika.

Rasimu ikikamilika hupitia idara, bodi ya kitivo au ndaki, kitengo cha uthibiti ubora, na hatimaye Seneti, chombo cha juu cha chuo katika masuala ya taaluma.

Maombi huwasilishwa TCU kwa njia ya mtandao pamoja na ada. Ambatisheni mtaala, ripoti ya mahitaji, uthibitisho wa idhini ya Seneti, maelezo ya maabara na maktaba, na orodha ya wahadhiri yenye sifa zao na aina ya ajira. Orodha hiyo iwe ya kweli: mhadhiri anayefundisha kwa muda asihesabiwe kama mwajiriwa wa kudumu.

Wataalamu wa fani husika huyapitia maombi na kutoa maoni. Yajibuni moja baada ya jingine katika jedwali, mkitaja ukurasa uliorekebishwa, na pale msipokubaliana na hoja toeni sababu za kitaaluma.

Ithibati hutolewa kwa muda maalumu, hivyo anzeni mapema kukusanya maoni ya wanafunzi, ripoti za watahini wa nje (wanaotoka nje ya chuo) na taarifa za wahitimu kwa ajili ya mapitio ya mtaala. Programu isitangazwe kwa waombaji mpaka iwe imeorodheshwa katika mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika.