Neno lipi la utafutaji litailipa tovuti yako mpya?

Andika "mkopo" au "bima ya gari" kwenye Google ukiwa Nairobi. Ukurasa wa kwanza umejaa benki, kampuni za bima na magazeti makubwa. Dau la maneno hayo, yaani pesa ambayo mwenye tangazo yuko tayari kulipa kwa kila mbofyo, ni nono, lakini tovuti ya miezi miwili haitawapita hao. Kama tovuti yako itaishi kwa matangazo, tafuta neno ambalo watu wanaliuliza, wafanyabiashara wanalilipia, na waliolijibu wamelijibu ovyo.

Anza na kitu ambacho mtu hukitolea pesa nyingi kwa mkupuo. Tuchukue kuchimba kisima. Kitengela, Ruai na Juja watu wanajenga, maji ya mfereji hayatoshi, na wenye kutaka wateja ni wengi: wachimbaji, wauza pampu za sola, wauza matangi. Hao ndio watakaotangaza kwenye kurasa zako.

Fungua akaunti ya Google Ads, ingia Keyword Planner, chombo chake cha kupima maneno ya utafutaji, na uweke nchi iwe Kenya. Wengi huteleza hapa: wakiiacha nchi nyingine, huona dau la Marekani wakalidhani lao. Tafuta kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, maana Mnairobi huandika "gharama ya kuchimba kisima" leo na "borehole drilling cost" kesho. Usipolipia matangazo utapewa makadirio mapana ya utafutaji kwa mwezi, 10 hadi 100 au 100 hadi 1,000. Yanatosha. Neno la 10 hadi 100 usilitupe. Kumi ya aina hiyo yakiwa na jibu moja, yanabebwa na ukurasa mmoja.

Safu ya ushindani ya Keyword Planner husomwa vibaya mno. Inaonyesha jinsi wenye matangazo wanavyoligombea neno, haisemi lolote kuhusu ugumu wa kufika ukurasa wa kwanza. Kwa kuiogopa, watu hukimbia neno zuri kabisa. Dau nalo ni lile linalolipwa kwenye matokeo ya Google yenyewe. Tangazo la kwenye tovuti kwa kawaida huwa la bei ya chini, na AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti yako, hukata fungu lake. Kwa hiyo litumie kulinganisha neno na neno tu, usilipigie hesabu ya kodi ya nyumba. AdSense hailipi mpaka ufikishe dola 100.

Sasa kazi yenyewe, na hii haina njia ya mkato. Tafuta kila neno kwa simu, kwenye dirisha la faragha, usome matokeo yote kumi. Chapisho la Facebook, faili ya PDF, ukurasa wa 2017 wenye bei za zamani, makala ndefu ya kisima isiyotaja bei ya mita moja: ukikuta mawili au matatu ya namna hiyo, neno hilo lipigie mstari. Google ikiwa imejibu yenyewe pale juu, kama kwa "dola moja ni shilingi ngapi", liache, kwani msomaji hana haja ya kubofya. "eCitizen login" pia liache. Anayeliandika anatafuta mlango wa serikali, hana haja na makala.

Kisha panga. Maneno mawili yakileta kurasa zilezile, tuseme nne kati ya kumi, yaweke pamoja. "Gharama ya kuchimba kisima" na "bei ya kuchimba kisima" ni ukurasa mmoja. "Kibali cha kuchimba kisima" kinataka wake, maana jibu lake linapita kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA, mamlaka ya mazingira. Swali moja ukiliandikia kurasa mbili, zinaweza kunyang'anyana nafasi na zote zikashuka.

Misimu iangalie kwenye Google Trends, Kenya, miaka 5. Ritani za KRA, mamlaka ya kodi, kwa mfano, hufungwa 30 Juni. Ukurasa wake uwe tayari Machi, kwa sababu tovuti mpya huchelewa kupanda.

Andika kurasa 15 hadi 20 za mada hiyo moja kabla ya kugusa nyingine. Baada ya wiki 8 hadi 12, ingia Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha maneno yanayoleta tovuti yako kwenye matokeo, na uchuje maneno yaliyo nafasi ya 8 hadi 20 ambayo yameonekana mara nyingi bila kubofywa. Humo utakuta ambayo Keyword Planner haikukupa, mfano "kisima mita 150 kitengela pesa ngapi". Lipe kichwa kidogo na jibu lake, ndani ya ukurasa uleule wa gharama.