SOMO: Petroli kwanza, tabo baadaye (Starlet EP82, injini ya 4E-FE)

Wiki hii nimepigiwa simu nne, zote swali moja: "Fundi, nimepata tabo, nifunge tu?" Usifunge tu. Tabo (turbo) inaongeza hewa kwenye injini. Petroli isipoongezeka nayo, unachoma pistoni. Naandika hapa, atakayepiga tena namrudisha huku.

1. Pima kompresheni. Injini iliyochoka iache ipumzike.

2. Nozeli (zinazopuliza petroli kwenye injini). Kila nguvu moja ya farasi kwenye tabo hunywa petroli kama sisi (cc) 6.3 kwa dakika. Ukitaka farasi 150 ni sisi 945, gawa kwa nozeli 4, kisha gawa kwa 0.8 ili nozeli isizidi asilimia 80 ya uwezo wake. Unapata kama sisi 295 kwa kila nozeli.

3. Regyuleta (inayodhibiti presha ya petroli) ipate mpira kutoka manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini). Upepo wa tabo ukipanda psi 7 (kipimo cha presha), presha ya petroli nayo ipande 7. Bana mpira kwa klipu.

4. Pampu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilichomeka pampu ya lita 255 kwa saa kwenye soketi ya zamani, silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) ikatulia, nikajiona nimemaliza. Siku ya tatu napandisha kutoka Mikindani, gia ya tatu, nasikia kama kokoto ndani ya kopo. Nikadhani eksozi imelegea, nikakanyaga tena! Nguvu ikakata, moshi wa bluu nyuma. Plagi ya silinda ya tatu ilitoka na vichembe vinavyong'aa kwenye kaure yake: aluminiamu ya pistoni. Nilipoweka mita, betri ilikuwa na volti 13.8, pampu inapata 10.6, ndiyo maana petroli haikutosha. Waya mwembamba, na chumvi yetu ya pwani imeula. Basi vuta waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, halafu rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Waya wa zamani uwashe rilei tu. Ethi (pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi) ipigwe msasa. Pima volti injini ikivuta, si kwenye silensa. ONYO: usiunge pampu moja kwa moja na betri bila rilei. Ukipata ajali itaendelea kumwaga petroli.

5. Tyuni kontrol boksi (kompyuta ya injini) ukiangalia geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Mwendo wa taratibu hewa 14.7 kwa petroli 1, tabo ikisukuma, 11.5 hadi 12.

MASWALI

Mdau, Chuno: Nikiweka pampu kubwa tu si inatosha?
— Namba 2.

Mdau, Chuno: Fundi wangu anasema inatosha.
— Basi msikilize yeye. Pistoni ni zako.

Kijana, Masasi: Shikamoo fundi. IST yangu haina paipu ya kurudisha petroli tangini. Regyuleta naifunga wapi?
— Marahaba, hilo ndilo swali. Yako imo ndani ya tangi na haijui habari za upepo. Petroli ikiwa psi 45 na upepo 7, nozeli inabaki na 38. Ama uvute paipu ya kurudisha, ama uweke nozeli kubwa zaidi na anayetyuni ahesabu upungufu huo. Halafu uwiano wa kompresheni wa 1NZ-FE, injini ya IST, ni 10.5, yangu 9.6, kwa hiyo upepo weka mdogo na taimingi ya cheche za plagi irudishwe nyuma. Ukifika Mtwara njoo na gari tuiangalie, sikulipishi.

Mdau, Newala: Na petroli ya vidumu huku vijijini?
— Kwenye tabo usithubutu kuiamini. Filta mpya kila mara.

Mdau, Nanyamba: Mimi huimimina kwanza kwenye chupa nyeupe, naiacha nusu saa. Kama ina maji yanakaa chini, unayaona.
— Hiyo nzuri. Ila weka mbali na jiko, mkuu.