Nyumba ndogo isiyo na nguzo ya umeme wala bomba: anza na bati, sola baadaye

Wengi wanaotaka niwachoree nyumba ya shambani huanza kuuliza paneli ngapi zitatosha. Mimi huwauliza bati ngapi. Sola utaongeza mwakani ukipata hela, lakini paa likishaezekwa dogo litakunyima maji kila kiangazi. Mfano wangu hapa ni nyumba ya watu 4 katika vijiji vya Dodoma, tuseme upande wa Chamwino au Bahi, ambako mvua hunyesha Desemba hadi Aprili na miezi 7 inayobaki ni vumbi na upepo. Ukiwa kwingine badilisha tarakimu, utaratibu ni huu huu.

Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya kuchora chumba

Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Toa asilimia 20 ya kuvuja, kurukia nje na kumwagwa. Watu 4 wanaojua kubana, lita 20 kila mmoja, wanatumia lita 80 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 29,200.

Mwaka wa kawaida Dodoma hupata milimita 550 hadi 600. Usichore kwa mwaka wa kawaida. Mimi huchora kwa milimita 400, maana mwaka mbaya ndio unaomtuma mtu kununua maji kwa dumu.

Nyumba ya mita 8 kwa 5, bati likitokeza sentimita 75 kila upande, ina paa la mita za mraba kama 62. Unapima eneo ambalo paa limelifunika chini, si urefu wa mteremko. Kwa milimita 400 inakupa lita 19,840 tu. Haitoshi, na kuongeza vyumba usivyovihitaji si dawa. Ezeka bati pia jiko la nje lenye stoo (mita za mraba 20) na banda la kuku (12), zote zimwage kwenye matangi. Sasa una mita 94 na lita 30,080. Hiyo ndiyo nyumba yako: paa tatu, hesabu moja.

Kiangazi cha siku 210 kinakula lita 16,800, kwa hiyo matangi yabebe 20,000. Napendelea manne ya lita 5,000 kuliko mawili makubwa. Ni mafupi, na moja likipasuka Agosti hujapoteza kila kitu.

Hatua ya 2: Geuza nyumba

Ukuta mrefu utazame kaskazini na kusini. Mchana jua liko juu ya paa. Linaloingia ndani na kuunguza ni la asubuhi na la jioni, kwa hiyo upande wa mashariki na magharibi weka ukuta mfupi usio na dirisha kubwa. Matangi yapange magharibi, yaupe ukuta kivuli saa ambayo joto limechachamaa.

Wagogo walilijua joto hili zamani: tembe lina kuta nene na paa la udongo, ndani mchana ni baridi. Ila paa la udongo halikupi maji safi, ndiyo maana tunaweka bati kisha tunalipia dari na matundu ya kutolea hewa ya moto.

Hatua ya 3: Gata na maji ya kwanza

Hapa ndipo mafundi wengi hulipua kazi. Gata literemke sentimita 1 kila mita kuelekea kwenye matangi. Kabla lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) haijafungwa, pima urefu wa tangi pamoja na jukwaa lake la mawe: mdomo wa tangi ukizidi gata, maji hayapandi. Jukwaa lenyewe usilidharau, tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5.

Mvua ya kwanza inasomba vumbi la miezi 7 na vinyesi vya ndege. Kabla bomba la gata la nyumba halijaingia kwenye tangi, weka njia panda yenye bomba la inchi 4 linaloshuka mita 4 (ukutani haliwezi kusimama lote, lilaze kipande kwa mteremko). Linabeba kama lita 32, yaani nusu lita kwa kila mita ya paa. Likijaa maji machafu, masafi yanapita juu kwenda tangini. Ziba mwisho wake kwa kifuniko cha kufungua, toboa tundu la msumari ili lijitoe lenyewe polepole kabla ya mvua nyingine. Mdomo wa tangi uwe na wavu wa mbu. Ya kunywa chemsha.

Hatua ya 4: Kuta

Tofali za kuchoma zinamaliza miti. Tumia za kufungamana, za udongo na saruji kidogo zilizoshindiliwa kwa mashine. Jaribu udongo kwanza: jaza nusu chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha siku nzima. Mchanga unatua chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukizidi nusu uko pazuri. Udongo mweusi wa mbuga achana nao, unavimba na kupasuka. Hata msingi usiuweke juu yake.

Hatua ya 5: Choo na maji machafu

Choo cha kuvuta maji hapa ni anasa, mvuto mmoja unaweza kumeza lita 6 au zaidi. Jenga choo kikavu chenye vyumba viwili vya kinyesi, kinachotenganisha mkojo. Kila matumizi, majivu. Kimoja kikijaa, funga mwaka mzima ukitumia kingine. Maji ya kuogea yaende kwenye shimo la majani lenye migomba pembeni.

Hatua ya 6: Sola

Taa 5 za wati 5 kwa saa 5, televisheni ya wati 40 kwa saa 4, redio na simu, na friji ndogo ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja): jumla kama wati-saa 835 kwa siku. Kwa saa 5 za jua na upotevu wa asilimia 30, paneli za wati 300 zinatosha. Betri ya lithiamu ya volti 12, saa-ampea (Ah) 150. Elekeza paneli kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, uzifikie kwa ngazi fupi, maana kiangazi utazifuta mwenyewe. Pasi na birika la umeme visahau, utapikia gesi au jiko banifu.

Hatua ya 7: Ratiba

Usianze na nyumba. Kabla ya Desemba simamisha jiko, stoo na tangi moja. Paa la mita 20 likipata mvua ya kawaida linatoa zaidi ya lita 8,000, na tangi likijaa maji hayo ndiyo utakayofyatulia na kumwagilia tofali Mei, wakati jirani anasubiri boza.