Somo: Kuanza uzamivu kuhusu mifumo ya huduma inayojirekebisha

Mfumo wa huduma ni programu iliyoundwa kwa programu nyingine (huduma) zinazoitana kwenye mtandao; unajirekebisha ukijibadilisha wenyewe ukiwa kazini mambo yanapoharibika. Mapendekezo mengi ya utafiti huu hufika kwa msimamizi yakiwa mchoro tu: visanduku kumi na viwili, mishale kila upande, na juu yake neno "inayojirekebisha". Msimamizi huuliza swali moja: inajirekebisha dhidi ya nini? Hapo ndipo kimya huanza. Somo hili ni la kukuepusha na kimya hicho.

Hatua ya 1: Chagua badiliko moja. Huduma kuzimika, huduma kuchelewa, kiolesura (njia ya programu nyingine kuiita huduma) kubadilishwa na mwenye huduma, mzigo kupanda ghafla: haya ni matatizo manne, kila moja na dawa yake. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse aliyeshika manne.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuandika msimbo. Tuseme ombi la mtumiaji hupitia huduma tatu mfululizo, na kila moja hupatikana kwa asilimia 99. Zidisha 0.99 mara tatu: utapata takriban 0.970. Kati ya maombi 10,000, karibu 297 yataanguka. Ukiipa kila huduma mbadala wa ubora uleule, kila hatua inapanda hadi 0.9999, na yanayoanguka yanashuka hadi kama 3.

Inapendeza, ila hesabu hiyo imeficha mambo mawili. La kwanza, inachukulia kwamba huduma na mbadala wake haziangukii pamoja. Zikitegemea hifadhidata moja, mbadala ni jina tu. La pili, inachukulia kwamba kuhama hakuchukui muda. Mfuatiliaji wako, yaani programu inayoangalia kama huduma zinajibu, akikagua kila sekunde 10 na kusubiri makosa matatu mfululizo, nusu dakika inaweza kupita kabla hujahama. Kwa maombi 50 kwa sekunde, hayo ni 1,500 yamepotea. Mimi naona tasnifu nzuri imejificha kwenye nusu dakika hiyo kuliko kwenye mchoro wote.

Hatua ya 3: Tenga kinachorekebisha na kinachorekebishwa. Mpangilio unaotumika zaidi ni MAPE-K, uliotokana na kazi ya IBM. Kephart na Chess, watafiti wa IBM, waliueleza mwaka 2003. Ni kitanzi cha kufuatilia, kuchambua, kupanga na kutekeleza, sehemu zote nne zikichota kutoka ghala moja la maarifa. Mradi wa Rainbow wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ulionyesha faida yake: ghala likibeba modeli ya usanifu wa mfumo unaoendelea kufanya kazi, kanuni za marekebisho zinaandikwa nje ya huduma zenyewe. Unazibadilisha bila kugusa msimbo wa huduma.

Hatua ya 4: Zuia kuyumba. Jaribio langu la kwanza lilikuwa na kizingiti kimoja: jibu likizidi milisekunde 500, hamia huduma ya pili. Maombi yote yakahamia huko, ya pili ikaelemewa, yakarudi ya kwanza, na kadhalika. Huduma zilirushiana mzigo kama kaa la moto. Weka vizingiti viwili, mfano kuhama kwa 800 na kurudi kwa 400, kisha lazimisha muda wa kutulia kati ya hatua mbili. Hamisha mzigo kidogo kidogo, usimwage wote.

Hatua ya 5: Tafuta mpinzani wa kweli. Usilinganishe mfumo wako na mfumo usiofanya lolote. Ulinganishe na kikomo cha kusubiri pamoja na kujaribu tena mara moja, ambavyo mhandisi yeyote huweka kwa mchana mmoja. Usipovishinda, nawe andika hivyo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Siku hizi kila mtu anazungumzia huduma ndogondogo (microservices), yaani programu kubwa kugawanywa vipande vidogo vinavyojitegemea. Mada hii haijapitwa na wakati?*

Zilizopitwa ni baadhi ya zana. Sajili ya wazi ya UDDI, iliyotarajiwa kuwa mahali pa programu kutafutia huduma, ilifungwa mwaka 2006. Swali lake, namna ya kupata na kubadilisha huduma mfumo ukiwa kazini, bado lipo. Huduma ndogondogo zimelikuza, maana viungo vya kukatika vimeongezeka.

*Sina mfumo wa kufanyia majaribio. Nijenge wangu?*

Hapana, angalau mwanzoni. Jumuiya ya SEAMS, ya watafiti wa mifumo inayojirekebisha, ina mifumo ya mfano iliyo wazi kwa watafiti. TAS, mfumo wa kuhudumia wagonjwa kwa mbali, umeundwa kwa huduma na unafaa mada yako moja kwa moja. Ukitumia mfumo ambao wengine wametumia, matokeo yenu yanalinganishika.

*Naweza kuweka mashine ijifunze yenyewe badala ya vizingiti?*

Unaweza, ndugu, lakini jiulize itajifunzia wapi. Hitilafu kubwa hutokea kwa nadra, na majaribio ya kubahatisha kwenye mfumo wa watu ni ghali. Anza na kanuni ya vizingiti viwili, ipime, kisha ulete ya kujifunza ishindane nayo. Na ikihama huduma, iweze kueleza kwa nini.

*Lugha gani ya programu inafaa?*

Unayoijua tayari.