Kutembea kwa miguu kutoka Tabora mjini hadi Kwihara: njia, ruhusa na afya

Mtu akiaga kwamba anakwenda kutembea, wenzake huelewa kwamba anakwenda kumsalimia ndugu au jamaa, na ndiyo maana anayetoka mjini Tabora kwa miguu, bila jembe, bila baiskeli na bila mgonjwa wa kumjulia hali, huulizwa njiani kama kuna tatizo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo asiye na tatizo lolote, anayetaka kunyoosha miguu nje ya mji kwa sababu ya afya yake na kwa kupenda tu.

Safari ya kuanzia ni ya Kwihara, takriban kilomita 6 kusini-magharibi mwa mji, ambayo mtu mzima wa kawaida huimaliza kwa saa moja na robo hivi bila kujikaza. Ukitoka Dar es Salaam, kumbuka kwamba jua la Tabora huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 25, kwa hiyo mwezi Julai ni giza bado saa kumi na mbili na nusu, na hakuna faida ya kuondoka kabla ya saa moja. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Agosti, kunapokuwa na ubaridi wa asubuhi. Septemba na Oktoba joto hupanda na vumbi huwa jingi, na masika yana taabu yake ambayo nitaieleza.

Kabla ya kufikiria viatu, fahamu unakanyaga ardhi ya aina gani. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, lakini imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Watu wengi husikia neno «umma» wakadhani wanaweza kupita popote, na hapo ndipo wanapokosea. Ibara ya 17 ya Katiba humpa raia uhuru wa kwenda atakako nchini, ila ibara ya 24 hulinda mali ya mtu, na shamba la mahindi la kaya fulani lina mwenyewe hata kama halina ua.

Barabara ya umma haihitaji ruhusa ya yeyote. Kijia kinachokatiza kijijini, kile ambacho wanafunzi na wachota maji hukitumia kila siku, hupitika kwa mazoea, lakini mazoea hayo ni ya kupita tu: hayakupi haki ya kuchuma embe, kuokota kuni wala kupiga kambi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kwa hiyo ukitaka kuacha njia kuu na kuzunguka porini, au ukiwa na kundi la watu, mwone kwanza mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji, na mahali penye mitaa mwenyekiti wa mtaa. Jitambulishe, taja unakotoka, unakokwenda na saa ya kurudi. Maeneo haya yana sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, na mgeni anayerandaranda kimya hutiliwa shaka upesi kuliko yule aliyesema «mwangaluka», salamu ya asubuhi ya huku, kwa kila aliyekutana naye.

Msitu wa hifadhi na pori la akiba ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Misitu ya 2002 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hutaka kibali, na kusema kwamba hukuona bango hakutakusaidia mbele ya askari wa wanyamapori. Ukiona vigingi vya mpaka, geuka. Vilevile usitembee juu ya reli, hata kama wenyeji wanaitumia kama njia ya mkato.

Wenzetu wa Uingereza walifika kwenye haki ya kupita kwa mvutano: mwaka 1932 mamia ya watu walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa na wenye ardhi, na sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyofungua rasmi maeneo makubwa ya wazi ya England na Wales kwa watembeaji. Kwetu ramani ya njia zilizo wazi kwa watembeaji haipo, na kwa maoni yangu salamu hufanya sehemu kubwa ya kazi yake.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwenda na kurudi Kwihara mara moja tu kunakupa nyingi kati ya hizo. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Misuli inapofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, na kwa hiyo kutembea mara kwa mara husaidia kuzuia kisukari cha aina ya pili, kushusha shinikizo la damu na kuupa moyo nguvu. Mwenye kisukari anayetumia insulini abebe pipi au maji ya sukari, avae soksi zisizobana, na akague nyayo zake akirudi, kwa kuwa anaweza kujichubua asihisi.

Maji lita moja na nusu kwa kila mtu si mengi. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu ya miiba na ya moma, nyoka ambaye hulala njiani na hakimbii unapokaribia. Kati ya miti ya mitundu na mininga utaona mizinga ya magome imening'inia juu. Tabora ni nchi ya asali, na nyuki wake ni wakali. Usijipulizie manukato, usipige kelele chini ya mzinga, na wakikuvamia funika uso ukimbie bila kupunga mikono, kisha kwangua miiba kwa ukucha upesi uwezavyo.

Sasa masika. Mwezi Machi mmoja nilijaribu kufupisha njia kwa kukata mbuga ya mpunga iliyoonekana kavu kwa mbali. Udongo mweusi ulinishika hatua ya kumi, ukabaki na kandambili ya kushoto, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia alinicheka kwanza, kisha akanionyesha kwa jembe tuta ambalo wao hulipitia. Tangu siku hiyo nauliza kwanza.

Ukifika Kwihara utaiona tembe, nyumba ya kale yenye paa bapa, aliyokaa mmisionari na mpelelezi David Livingstone akiwasubiri wapagazi mwaka 1872, hadi alipoondoka Agosti 25. Mwaka uliofuata alifariki, na watumishi wake Chuma na Susi walipita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, wakiubeba mwili wake kwenda pwani. Lipa kiingilio, pumzika kivulini, kunywa maji hata kama husikii kiu. Ukirudi mnamo saa tatu unusu, njia inaelekea kaskazini-mashariki na jua linakupiga usoni, kwa hiyo kofia iwe na ukingo mpana. Na miguu ikigoma, bodaboda zipo.