Jinsi ya Kukagua Chasisi na Kikomo cha Uzito cha Trela ya Pikipiki

Anayenunua trela yenye chumba cha kulala mbele na nafasi ya pikipiki nyuma, au anayemwagiza fundi wa jua kali hapa Nakuru amtengenezee, asianze kwa kutazama vitanda na rangi. Aingie chini na tochi, kwa kuwa huko ndiko usalama wa kuteremka mteremko mkali wa Sachang'wan unakoamuliwa.

Tazama kwanza boriti mbili ndefu zinazobeba kila kitu. Chuma kilichotobolewa kwenye ukingo wake wa juu au wa chini kimepunguziwa nguvu mahali pale pale mzigo unapokielemea zaidi. Tundu likilazimu, litobolewe katikati ya ubavu. Kisha fuata viungo: mahali springi zinaposhikiliwa, mahali mkono wa kuvutia unapoingia chini ya bodi, na ile sehemu ya nyuma ya ekseli ambako boriti huning'inia bila egemeo, nako ndiko pikipiki hukaa. Ufa mchanga ni mgumu kuuona. Niliwahi kuukuta ukiwa uzi wa kutu uliopenya rangi mpya, mwembamba kama unywele, ukianzia weldi ilipoishia. Tulipokwangua rangi, ulikuwa mrefu kama kidole. Tangu siku hiyo, chasisi iliyopakwa rangi nzito juzi naomba ruhusa niikwangue kabla ya kuzungumza bei.

Baada ya chuma ni hesabu. Kibati cha trela huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa trela ikiwa imejaa, wala si mzigo unaoweza kuongeza. Tuseme kimeandikwa kilo 1,500, na trela tupu ina kilo 680: umebakiwa na kilo 820. Pikipiki tatu za kilo 120 ni kilo 360, lita 150 za maji ni kilo 150, lita 40 za petroli ni karibu kilo 30, zana na mahema kilo 90. Jumla ni kilo 630, na trela sasa ina kilo 1,310.

Hata hivyo, kibati hakibebi mzigo. Kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kikomo chako. Tairi yenye namba ya mzigo 91, ile iliyoandikwa ubavuni mwake baada ya saizi, hubeba kilo 615, yaani kilo 1,230 kwa tairi mbili. Gari linalovuta likichukua asilimia 10 ya uzito, mzigo wetu unapita kwa chupuchupu, lakini trela ikijazwa hadi kilo 1,500 tairi zimezidiwa kwa kilo 120.

Asilimia hiyo inayoegemea gari iwe kati ya 10 na 15. Pikipiki zikirundikwa nyuma kabisa, mkono wa kuvutia huwa mwepesi na trela huanza kuyumba kwenye mteremko, kwa hiyo zisogeze mbele kuelekea ekseli, uzifunge kwa mikanda, kisha upime tena.

Kupima kwenyewe kufanywe trela ikiwa imepakiwa kama ya safari, kwenye mizani ya magari: mara ya kwanza ikiwa imeunganishwa na gari, magurudumu yake pekee yakiwa juu ya mizani, na mara ya pili ikiwa imefunguliwa na kusimama yote juu yake. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito unaolielemea gari lako.